Yatima namba saba

Kuna kidole cha mtoto sijakisahau mpaka leo. Mtoto wa miaka 9, kucha amepaka rangi ya zambarau imebanduka nusu, kidole kinashuka polepole kwenye orodha ya nafasi za mchezo wetu wa nyimbo, Annie, niliyoibandika mwenyewe mlangoni pa ukumbi wa chakula. Kilianzia juu kabisa kwa Annie mwenyewe, yule yatima anayechukuliwa na tajiri, kikashuka, kikapita majina yote makubwa, kikapita mpaka wafanyakazi wa nyumba ya tajiri, huko chini chini ndo kikasimama. Akageuka akaniangalia. "Yatima namba saba ndo mimi?" Nikamwambia ndiyo mpenzi, ndo wewe. Akawaza kidogo. "Hana jina?"

Nilimjibu kitu kama utaimba nyimbo nyingi na wenzako, utafurahi sana. Kweli ataimba nyimbo nyingi, lakini siyo alichoniuliza.

Huo ulikuwa msimu wangu wa kwanza kufanya kazi ya ukaunsela, yaani kulea na kuongoza watoto, kwenye kambi moja ya watoto magharibi mwa Massachusetts, kule kwenye vilima vya Berkshire. Kwa ambao hamzijui hizi kambi, Marekani shule zikifungwa mwezi wa sita kuna wazazi wengi wanapeleka watoto msituni, wanalala huko wiki tatu, nne, wengine hata saba, wanaogelea ziwani, wanapiga kasia, wanarusha mishale, na kambi nyingi zina mchezo wa nyimbo wa kufungia msimu, myuzikali yenyewe kabisa, ina skripti na dansi na mavazi na wazazi wanakuja kutazama. Mimi nilienda na ile viza ya J-1 ya makaunsela, ambayo mwisho wake miezi minne, na kwa vile kwenye fomu nilijaza kwamba nimefundisha drama Mombasa basi nikakabidhiwa myuzikali siku ya pili tu.

Sasa mtu aliyelelewa na festivali za drama za mashule anakuja na akili yake. Kule kwetu Kenya mwalimu wa drama anachagua watoto ili ashinde. Unaanza kwenye zoni, ukipita unaenda kaunti ndogo, halafu kaunti, halafu kanda, halafu taifa, na kila mahali majaji wamekaa pale mbele na kalamu zao wanatoa maksi. Kwa hivyo sauti kali unaiweka mbele, anayesahau mistari anabaki shule wala basi hapandi, na hakuna anayekulaumu manake mwalimu mkuu anataka kikombe ofisini kwake. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la sita niliachwa kwenye shairi la pamoja kwa sababu nilikuwa nimerefuka kuliko wenzangu na nilikuwa naharibu mstari. Nakumbuka mpaka leo nilivyokaa dirishani nikiona basi linatoka getini. Ungedhani hilo lingenifundisha kitu, lakini ukishakuwa mwalimu unashika kalamu ileile waliyoshika wao.

Basi nikafanya odisheni siku moja. Watoto 34, kila mmoja ana stika ya namba kifuani, anaingia, anaimba wimbo wa hepi bathdei, anasoma mistari minne, asante sana, aje mwingine. Nikachagua. Na nilichagua vizuri kwa upande wa sauti, binti niliyempa Annie alikuwa akifungua mdomo mpaka wapishi wanatoka jikoni, na siku ya shoo wazazi walisimama wakapiga makofi. Lakini kambini hakuna kikombe. Hakuna jaji wala zoni. Wale wazazi kila mmoja alikuja kumtazama mtoto mmoja tu, wake, hata kama yuko mstari wa nyuma kabisa ameshika ndoo. Nilipolielewa hilo ndo lile swali la namba saba likaanza kuninyima usingizi.

Halafu kuna kisa cha vilima hivyohivyo ambacho watu wa kambi za huko wanapenda kukisimulia. Mwaka 1937 Leonard Bernstein, aliyekuja kuwa mtunzi na kondakta maarufu wa muziki, wakati huo kijana wa miaka 18, dunia bado haimjui, alikuwa kaunsela wa muziki kwenye kambi iliyoitwa Camp Onota pale karibu na Pittsfield, na akaandaa The Pirates of Penzance, opera nyepesi ya kuchekesha ya maharamia. Nafasi ya mfalme wa maharamia akaicheza kijana mwingine aliyetoka New York, Adolph Green. Wakapatana pale pale, urafiki ukawa wa maisha, na 1944 majina yao wote wawili yakawa Broadway, kwenye zile kumbi kubwa za maonyesho za New York, kwa shoo ya On the Town. Watu wakisimulia wanasema ona vitu vinavyozaliwa kambini. Ni kweli na mimi inanifurahisha, ila kila nikisikia nawawaza wale watoto waliosimama nyuma ya mfalme wao na mapanga ya mbao. Walikuwepo usiku uleule, waliimba nyimbo zilezile. Nani alikuwa haramia wa tatu kutoka kushoto?

Mwaka uliofuata nikarudi, na shoo ikawa Annie tena, kwa sababu mavazi yalikuwepo na wakurugenzi wa kambi hawakutaka gharama mpya. Yule namba saba hakurudi. Nilitazama orodha ya watoto mara mbili.

Sa nieleze kidogo skripti inavyokaa. Hizi shoo za watoto nyingi ni matoleo ya Broadway Junior, yanatolewa na kampuni ya Music Theatre International, shoo imefupishwa ikawa kama saa moja na unaletewa muziki umesharekodiwa, kwa hivyo hata kama huna mpiga piano unaenda. Unalipia leseni, na leseni inakukataza kubadilisha maneno bila ruhusa yao ya maandishi. Sasa Annie ukimtoa Annie mwenyewe ina yatima sita wenye majina, Molly, Pepper, Duffy, July, Tessie na Kate. Mimi nilikuwa na wasichana 15 wanaotaka kuwa yatima. Hao tisa wanaobaki skripti haiwajui, inawaita yatima tu.

Neno hata moja sikugusa. Ila karatasi ya programu wanayopewa wazazi mlangoni ni yangu mimi, naiandika mimi, na wanachofikiria watoto wakiwa stejini leseni haikisemi. Nikawapa kila mmoja kadi. Andika jina la yatima wako, ana miaka mingapi, aliletwa na nani, na chini ya kitanda ameficha nini. Nikawaambia ni Desemba 1933, New York, watu hawana kazi, baridi kali, na nyinyi mnasugua sakafu. Wallahi walikaa kimya nusu saa nzima, na hawa ni watoto ambao dakika mbili kimya ni muujiza. Mmoja yatima wake anafuga panya kwenye kiatu. Mwingine akampa yatima jina la bibi yake aliyefariki na akaniomba nisimwambie mamake mpaka siku ya shoo. Mwingine alikuja mezani kwangu akaniuliza kwenu wasichana wanaitwaje, nikamtajia majina kama manne, akachagua Mwanaisha, akaliandika na kulirudia mpaka likakaa sawa, na ilipofika wiki ya pili wenzake wanamuita Mwanaisha hata ziwani, hata kwenye foleni ya chakula.

Odisheni nazo nikazifanya siku mbili. Siku ya kwanza hakuna kuimba peke yako, ni michezo tu na kuimba watatu watatu, manake mtoto akisimama peke yake mbele ya watu wazima watatu wenye makaratasi unachokiona ni woga wake, kipaji hukioni. Na unaona vitu vingine ambavyo nyimbo haikuonyeshi, nani anamsogelea mwenzake aliyesahau mstari, nani anachoka haraka, nani anaangalia pembeni kutafuta rafiki. Siku ya pili nikamuuliza kila mtoto maswali matatu. Unataka nafasi gani, ipi nyingine ungeipenda, na ipi hutaki kabisa.

Hilo la tatu ndo nisingeliacha tena. Kulikuwa na kijana wa miaka 13 sauti inavunjika, asubuhi ni ya mtoto jioni ni ya babake, na akaniambia anacheza chochote ila asiimbe peke yake. Muziki umerekodiwa, hauwezi kushushwa ufuate sauti yake, ningempa wimbo ningemuanika. Nikampa yule mtumishi mkuu wa nyumba ya tajiri, ambaye anaongea zaidi, na alikuwa anafungua ule mlango wa kadibodi kama wa ikulu. Na kulikuwa na binti mchekeshaji kupita wote, kila mtu kambini alishajua atakuwa Miss Hannigan, yule mlezi mkali anayekunywa pombe. Kwenye swali la tatu akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Siyo Hannigan." Sikumuuliza kwa nini. Nikaandika hapana pembeni ya jina lake nikageuza ukurasa.

Na kuna hili la nywele. Tulikuwa kwenye kikao cha kupanga nafasi, watu watano, mweusi ni mimi peke yangu. Tumefika kwa binti mmoja mweusi, kaunsela mwenzangu akasema, na hakusema kwa ubaya, sauti anayo lakini Annie ana nywele nyekundu, labda tumpe mpishi. Nikamwambia zile nywele ni wigi, liko kwenye sanduku la mavazi, linamkaa mtoto yeyote mwenye kichwa. Filamu ya 2014 Annie alikuwa Quvenzhané Wallis na hawakumvisha hata hilo wigi. Nikaomba tumsikilize tena bila kuzungumza nywele. Tukamsikiliza. Alikuwa Annie, kikao kizima kilikubali na huyo mwenzangu wa kwanza. Lakini niliwaza sana usiku ule, ni watoto wangapi wamepewa upishi kwenye vikao ambavyo hakukuwa na mtu wa kusema ni wigi. Kwa hivyo kama uko kwenye chumba kama hicho na unasoma hapa, sema. Mtoto hayupo kujitetea.

Orodha sikuibandika kwanza. Nilikaa kwenye ngazi za kibanda cha mitumbwi, watoto wakawa wanakuja mmoja mmoja, dakika tatu kila mtu, watoto 31, mchana mzima ukaishia pale na jua likanichoma shingo. Mtoto anasikia nafasi yake kutoka kwa mtu, anamuuliza maswali yake, akitaka kukasirika anakasirika mbele ya ziwa siyo mbele ya kambi nzima yenye njaa. Karatasi ilibandikwa jioni kila mtu akiwa ameshajua.

Wengi walienda wakiruka. Mmoja alilia, na nilijua atalia. Alikuwa na miaka 12 na huo ulikuwa mwaka wake wa nne kambini, babake alishaandika barua pepe kuikumbusha ofisi kwamba ni mwaka wa nne, kama vile Annie ni foleni ya benki. Yeye nilimpa Pepper, yule yatima mgomvi. Na nilijiandaa, nilikuwa na hadithi yangu ya kumtuliza, tena ya kweli kabisa. Mwaka 1976 Annie ilipokuwa inajaribiwa pale Goodspeed Opera House, Connecticut, kabla ya kupelekwa Broadway, Andrea McArdle alichaguliwa kuwa yatima mgumu kuliko wote, huyuhuyu Pepper. Wiki ya kwanza tu wakubwa wakaona Annie wao ni mpole mno, wakambadilisha, wakamuweka McArdle, na ndiye aliyefungua Broadway mwaka 1977.

Nilidhani nampa zawadi. Akafuta machozi kwa kiganja, macho yakawaka, akaniuliza, "Kwa hivyo nikifanya vizuri mtambadilisha?"

Ndo nikasikia nilichokuwa nimesema. Nimemfundisha mtoto asubiri mwenzake aanguke, na mwenzake mwenyewe analala kitanda cha juu yake bweni lilelile. Na kwenye hadithi ile nimemruka yule msichana aliyeondolewa, mtoto naye, aliyerudi nyumbani na habari hiyo. Nikamwambia hapana, hatutambadilisha, Annie ni yeye mpaka mwisho na wewe ni Pepper mpaka mwisho, na nimekosea kukwambia vile. Akalia tena upya, safari hii kwa sauti, na mimi sikuwa na hadithi nyingine. Nikakaa tu. Mtoto aliyekuwa anafuata kwenye foleni nikampungia mkono asubiri. Tulikaa pale mpaka viatu vyetu vikalowa kwa vile mawimbi ya boti yalivyokuwa yanapiga ngazi ya chini, dakika kumi labda, mimi siongei yeye haongei.

Baadaye akavuta kamasi akaniuliza Pepper anavaa nini. Nikamwambia gauni la kijivu kama wenzake wote.

"Kofia?"

Nikamwambia skripti haikusema chochote kuhusu kofia. Akasimama, akavuta shati lake likakaa sawa, akasema kwenye lile sanduku kuna moja ya kahawia imechanika kwa pembeni, aliiona mwaka jana, na kama hakuna mtu ameichukua anaitaka yeye.