Nilivyopata kibali cha kukarabati nyumba yangu na kusimamia ujenzi mwenyewe

Ombi langu la kwanza lilirudishwa. Kwenye mchoro, chumba cha watoto kilizungushiwa kalamu nyekundu na pembeni pakaandikwa: "Chumba hiki kinapata hewa wapi?"

Mchoro ule nilikuwa nao kwa miezi. Nilishapanga hadi vitanda vitakapokaa, lakini sikuwahi kuona kwamba chumba nilichotaka kuongeza nyuma ya nyumba kitaziba dirisha pekee la wanangu. Siku hiyo nilikasirika kwa kurudishiwa karatasi. Kesho yake niliingia chumbani mwao, nikafunga dirisha, nikashusha pazia na kukaa humo kwa muda. Nilipotoka nilimpigia mchoraji simu tuanze upya.

Nilikuwa na mambo mawili: kuongeza chumba hicho, na kuondoa ukuta uliotenganisha jiko na sebule. Nilitaka pia kusimamia kazi mwenyewe bila mkandarasi. Walionizunguka walinihimiza nianze tu, maana nyumba ni yangu na kiwanja ni changu. Nilikataa. Kazi isiyo na kibali inaweza kusimamishwa katikati, au ukaamriwa kubomoa ulichojenga. Ikitokea ajali, bima nayo ina sababu ya kukataa kulipa. Na humo ndani wanalala wanangu.

Kukusanya karatasi hakukunisumbua sana: hati ya umiliki, ramani ya kiwanja, michoro ya sakafu, ya pande za nyumba na ya mkato (nyumba ikionyeshwa kana kwamba imekatwa katikati), mingi kwa kipimo cha 1:100. Kilichonichelewesha ni mpaka. Nilipima umbali kuanzia kwenye uzio, kumbe mpaka wa kiwanja ni bikoni, yaani alama za upimaji zilizozikwa kwenye pembe zake. Mpimaji alipozifukua alikuta uzio wetu umeingia upande wa jirani kwa sentimita 60. Chumba kipya kikabidi kipungue, la sivyo kingesogea mno kwenye mpaka. Ningemwita mpimaji kabla ya mchoraji, ningepunguza gharama za michoro.

Ukuta wa jikoni ndio ulionifundisha zaidi. Fundi aliugonga kwa kiganja akasema, "Huu ni wa kugawa vyumba tu, dada, siku moja tunautoa." Ofisi ya vibali ikataka maandishi ya mhandisi. Mhandisi hakugonga chochote. Aliomba ngazi, akapanda darini na tochi, kisha akaniita nami nipande. Kenchi za paa zilikuwa zimeungwa katikati, na kiungo cha kila moja kimekaa juu ya ukuta uleule. Kwa hiyo ulikuwa umebeba paa. Tungeuvunja kama alivyotaka fundi, paa lingelegea pale katikati, na nani ajuaye lingesubiri hadi lini kabla ya kushuka. Mhandisi akapiga hesabu ya boriti ya zege ya kuchukua nafasi yake na nguzo mbili za kuishikilia, kila nguzo na msingi wake. Gharama ilipanda. Nililipa nikiwa na moyo mweupe.

Kwenye fomu palikuwa na sehemu inayouliza ni nani anayewajibika na ujenzi. Niliandika jina langu, na hapo ndipo nikaelewa nilichokuwa naomba. Mfanyakazi akianguka, mimi ndiye wa kuulizwa. Hatua ya ukaguzi ikirukwa, ni mimi. Kibali cha kujisimamia hakikunipa ruhusa ya kufanya kila kitu kwa mikono yangu: umeme uliwekwa na fundi mwenye leseni, na boriti ilifuata michoro ya mhandisi bila kupunguza hata nondo moja. Ombi la pili lilipita. Nikabandika nakala ya kibali mahali ambapo kila anayeingia kazini angeiona, na pembeni yake nikaorodhesha siku za kumwita mkaguzi: mitaro ikishachimbwa, nondo zikishafungwa, paa likishaezekwa, na mwisho kabisa.

Ukaguzi wa nondo nausimulia kwa kila anayeniuliza. Tulikuwa tayari kumwaga zege, kokoto na saruji viko tayari. Mkaguzi alipiga magoti kwenye mtaro, akaingiza vidole chini ya nondo, vikagoma kupita. Nondo zilikuwa zimelala juu ya udongo. Akasimamisha kazi. Alinieleza kwamba unyevu wa ardhini ukifika kwenye chuma kitashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo huisukuma zege kutoka ndani mpaka ipasuke. Mchoro ulitaka milimita 50 za zege chini ya nondo. Jioni ile tulifinyanga vipande vidogo vya zege vya kuzinyanyulia, tukaviacha vikauke. Mkaguzi aliporudi, vidole vilipita.

Mvutano wa mwisho ulikuwa juu ya mirunda iliyoshikilia boriti. Baada ya wiki moja fundi alitaka kuitoa, kwa sababu ilitubana na boriti kwa macho ilionekana imekomaa. Lakini nguvu inayoandikwa kwenye hesabu za mhandisi hupimwa zege ikiwa na siku 28, na siku ya 7 bado ina safari. Nilimwambia fundi mirunda haiguswi mpaka mhandisi aseme. Tuliishi tukipenya katikati ya miti ile, na boriti nikaimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku zote za mwanzo.

Siku ya ukaguzi wa mwisho, mkaguzi alianzia chumba cha watoto. Alifungua dirisha jipya, akalifunga, akalifungua tena, kisha akaendelea na vyumba vingine.

Picha za nondo nilizopiga kabla ya zege nimezichapisha na kuziweka kwenye faili moja na michoro iliyogongwa muhuri. Atakayetaka kutoboa boriti ile miaka ijayo ataanzia hapo kujua kilichomo ndani.