Pembe ya Baruti Isiyovuja: Jinsi Nilivyoipata

Ninaandika haya nikiwa na furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta, lakini kinyongo bado hakijaniisha, kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea mwaka mzima. Ninaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, na ninalenga shabaha kwa gumegume, ile bunduki ya kushindilia inayowashwa kwa jiwe. Babu yangu kule Tabora alikuwa na gobori, na baruti yake aliitunza katika pembe ya ng'ombe iliyozibwa vizuri kwa nta. Kwa hiyo wenzangu uwanjani waliponiambia kwamba pembe ni pambo tu, na kwamba ninunue yoyote yenye nakshi ya kuvutia, moyo wangu ulikataa. Lakini mgeni husikiliza wenyeji, nami nikasikiliza.

Nikaagiza mtandaoni pembe nyeusi ya nyati wa kufugwa, iliyopakwa vanishi mpaka inang'aa kama kioo na kuchorwa merikebu yenye matanga matatu. Bei yake ilikuwa kama dola thelathini hivi. Mwezi Septemba nikaenda nayo Friendship, kijiji kidogo cha Indiana ambako chama cha kitaifa cha bunduki za kushindilia, kilichoanzishwa mwaka 1933, kina viwanja vyake na hufanya mashindano makubwa kila Juni na Septemba. Usiku mvua ilinyesha, hema likadondosha maji, na pembe ilikuwa imening'inia kwenye nguzo pale pale panapodondoka. Asubuhi ukungu wa kijito cha Laughery ulikuwa bado haujainuka nilipoitwa kwenye mstari. Jiwe likatoa cheche, baruti ya kifani, yaani kwenye kisahani kidogo kando ya mtutu, ikawaka kwa mwanga mkubwa, na mtutu ukakaa kimya. Nikachokonoa tundu linalopitisha moto kuingia mtutuni, nikatia baruti nyingine kifani, nikafyatua tena: kimya. Ilinibidi niichomoe risasi kwa skrubu iliyofungwa kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, kazi iliyonichukua karibu nusu saa huku wenzangu wa zamu ile wakiwa wameshamaliza, na nilipomimina baruti iliyobaki kwenye kiganja, ilitoka mabonge mabonge.

Jioni niliichunguza ile pembe kwa hasira. Kitako chake, yaani kile kipande cha mbao kinachoziba upande mpana, kilikuwa kimebandikwa kwa gundi peke yake. Pembe hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika, na mbao nayo hufanya hivyo kwa namna yake, kwa hiyo gundi ilikuwa imeachia na kuacha ufa mwembamba kama ukucha, uliofichwa chini ya vanishi. Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa 15 na kiberiti, yaani salfa, 10, na unyevu ndio adui yake mkubwa. Mtu mmoja akanishauri nizibe ufa kwa silikoni ya madirisha. Nilifanya hivyo, nayo ikabanduka kabla ya mwezi kwisha. Mwingine alisema niijaribu pembe kwa kuijaza chumvi laini nione inapovujia. Huo ni ushauri wa hatari kwa bunduki, kwa kuwa chembe ya chumvi ikibaki ndani huvuta maji na kula chuma, na nilishangaa kuusikia kwa mtu mwenye bunduki nne.

Wazo la kujaza kitu, hata hivyo, lilikuwa zuri, na nililifikiria majira yote ya baridi. Nilipata jibu jikoni: suji. Chembe zake zinakaribiana na zile za baruti laini, ni nyeupe, hazidhuru chuma, na husuuzika kwa maji. Unajaza pembe nusu, unaziba, unaitikisa kwa nguvu juu ya kitambaa cheusi, na penye tundu utaliona bila kubishana na mtu. Kabla ya hapo unaingiza taa ndogo ndani, au unaelekeza tochi ya simu mdomoni gizani, kwa sababu pembe nzuri iliyokwanguliwa ikawa nyembamba hupitisha mwanga kama karatasi iliyopakwa mafuta; nyufa huonekana, na vilevile vijishimo vya wadudu wanaokula pembe, ambavyo muuzaji mjanja huvijaza nta ya rangi. Mwisho unaweka midomo kwenye tundu la kumiminia, unazamisha kitako katika beseni la maji, na unapuliza. Povu likitokea, rudisha pembe kwa mwenyewe.

Juni iliyofuata nilirudi Friendship na tochi, suji, kitambaa na beseni. Nilipita mezani kwa wauzaji, na wawili walikataa katakata nisizamishe pembe zao majini, jambo lililotosha kunijibu. Wa tatu alikuwa fundi mzee anayetengeneza mwenyewe. Nilimwomba ruhusa kwa heshima, naye akasema, "Jaribu hapa hapa, nami nitazame." Pembe yake ilikuwa ya ng'ombe, ya rangi ya maziwa yenye ncha nyeusi, haina nakshi hata moja. Alikuwa ameichemsha mpaka ikalainika, akaukaza mdomo mpana uwe duara kamili, kisha akaingiza kitako cha msonobari kilichopakwa nta ya nyuki pembeni na kukishika kwa vijiti vya mbao vilivyopigiliwa kuzunguka. Kizibo kilisagwa kulingana na tundu lake, hata ukikivuta hutoa mlio. Hapakutoka povu, wala punje ya suji. Nililipa dola mia mbili na ushei, na sikuomba punguzo.

Jambo moja alinisaidia ambalo nisingelijua: pembe ina msokoto, na ya upande mmoja wa kichwa cha ng'ombe hulala vizuri kwenye mbavu za kulia, ya upande wa pili kwenye za kushoto. Alinivalisha zote mbili mpaka tukaona ipi inanikaa.

Inabeba kama gramu 220, na kwa kuwa kipimo changu ni karibu gramu 4, inanitosha kwa risasi zaidi ya hamsini. Kipimo nasema, kwa sababu sijawahi na sitamimina kutoka kwenye pembe moja kwa moja mtutuni. Kaa dogo likibaki ndani kutokana na mlio uliotangulia, moto utapanda na pembe nzima italipuka mkononi.

Septemba mvua ilinyesha tena, usiku kucha. Asubuhi baruti ilimiminika kavu, na bunduki ililia mara ya kwanza na kila mara iliyofuata. Nimeshamwagiza fundi yule pembe ndogo ya baruti laini ya kifani, nitaichukua Juni.