Mzee wa Dirishani

Juzi usiku kitinda mimba aliingia chumbani kwangu kutafuta chaja, akasimama mlangoni. "Baba, mbona unalala na taa inawaka? Unaogopa giza?"

Nikamwambia nimepitiwa na usingizi nikiwa nasoma. Kitandani hapakuwa na kitabu, na aliliona hilo.

Mshtuko wa moyo wenyewe nitaupita haraka: kifua kilichokaliwa na mtu mzito, jasho la baridi, mrija uliopitishwa kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, stenti moja, kile kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi. Mshipa ukazibuka, watu wakapongezana, na mimi nikacheka nao.

Kilichonishinda ni usiku wa tatu.

Kando ya kichwa changu palikuwa na ile mashine ya mapigo, na mstari wake wa kijani. Nilikuwa nimeukodolea macho mpaka shingo ikakakamaa, kwa sababu niliamini, na akili zangu timamu, kwamba nikiuacha kidogo tu utalala chini. Namba zilikuwa 64, 66, 63. Kisha 88. Kisha 102. Namba ilipopanda niliogopa, na nilipoogopa ikazidi kupanda. Kifua kikabana, pale pale kilipobana siku ile. Vidole vikafa ganzi. Shuka likalowa. Halafu mstari ukanyooka na kengele ikalia.

Nikawaza: kumbe ndivyo ilivyo, mtu huisikia kengele yake mwenyewe.

Nesi alikuja akitembea. Hakukimbia, na hata katika kufa kwangu nilikasirika. Akafunua shuka, akakuta kibandiko kimoja cha kifuani kimebanduka kwa jasho, akakirudisha. Mstari ukainuka. "Ni waya tu, baba."

Lakini nilikuwa nimetaja kifua, kwa hiyo wakanipima umeme wa moyo na kunitoa damu ya kuangalia troponini, protini inayovuja kwenye damu moyo ukiumia, wakarudia tena baada ya saa chache. Hakukuwa na jipya. Daktari alinieleza asubuhi kwamba hofu huuiga moyo vizuri mno: jasho, pumzi fupi, kubanwa. Mgonjwa hawezi kutofautisha mwenyewe, ndiyo maana hawachoki kupima. Nilitaka kumuuliza kama inawezekana kufa kwa hofu peke yake. Sikuuliza.

Nesi mwingine akaja na karatasi ya maswali. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi nimekosa hamu ya kufanya mambo? "Wiki mbili zilizopita nilikuwa mzima, sista, uliza siku tatu." Akacheka, na kwa mzaha huo nikayakwepa yote. Kwa mzee wa dirishani hakufika. Mzee alikuwa amelala, au amefumba macho.

Huyo mzee alilazwa kwa ugonjwa ule ule. Hakuwahi kubonyeza kengele. Alilala ameuelekea ukuta, chakula kikarudi kama kilivyokuja, na watoto wake walipouliza hali alisema "salama tu." Wodi nzima ilimsifu kwamba hasumbui. Nami nilimwonea wivu.

Usiku ule wa kengele, nesi alipoondoka, ndipo aliponisemesha mara ya kwanza na ya mwisho, bila kugeuka:

"Kijana, una bahati. Wewe bado unaogopa."

Nilidhani ananitania, nikacheka. Sikumwambia mtu yeyote. Alitoka siku moja kabla yangu, baada ya kukunja shuka lake mwenyewe.

Miezi michache baadaye zamu ikawa yangu. Niliacha kuhesabu mapigo, nikaacha kutembea, siku nyingine hata vidonge sikumeza. Nyumbani wakafurahi: baba ametulia. Ni baada ya mtu kuniuliza tena yale maswali, nikajibu bila mzaha, ndipo nilipojua kwamba karibu mmoja kati ya watano wetu tuliopata mshtuko wa moyo hupata sonona kamili, ule ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, na kwamba huko Montreal watafiti waliwafuatilia wagonjwa 222 kwa miezi sita. Matokeo yalichapishwa 1993: waliokuwa na sonona walikufa zaidi. Nilipoisoma hiyo nilimwona mzee na ukuta wake. Sikujua hata jina lake.

Mtoto alipata chaja yake. Akashika swichi, akauliza kama azime.

Nikamwambia aiache iwake.