Nilivyofanikiwa kulielewa neno pessulus

Kilatini nilianzia seminari, na cha kule ni cha misa na zaburi zaidi, sasa nilipoamua kusoma mwenyewe vichekesho vya Plautus, mwandishi wa tamthilia wa Roma ya kale, neno pessulus likanisumbua kweli. Kamusi inasema komeo la mlango, basi, imemaliza. Lakini kwenye Curculio, mchezo wake mmoja, kuna kijana anaitwa Phaedromus, mpenzi wake yuko ndani kwa bwana anayemmiliki, usiku huo kijana anasimama nje anauimbia mlango: "pessuli, heus pessuli, vos saluto lubens", enyi makomeo, nawasalimu kwa furaha. Mlango mmoja makomeo mengi, kwa nini?

Nikaweka kamusi pembeni nikaenda kutazama picha za vizingiti vya Pompeii, ule mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, na pale unayaona matundu yamechimbwa kwenye jiwe kabisa, kwa sababu milango mingi ya Kirumi ilikuwa ya vipande viwili vinavyokutana katikati, kila kipande na komeo lake linazama kwenye tundu la kizingiti. Ndo maana Plautus anayaita kwa wingi!

Halafu nikaanza kulisoma neno pamoja na kitenzi chake, hii ndo ilinisaidia kuliko yote. Terentius, mwandishi mwingine wa vichekesho wa Kirumi, kwenye mchezo wake Eunuchus, mwaka 161 KK, ana "pessulum ostio obdo", natia komeo mlangoni, kwahiyo kinachosogezwa ni komeo, mlango ndo unaotiwa. Sera ni kitu kingine, huo ni mti wa kukingamisha mlangoni, na ndo umezaa reserare, kufungua. Ukijifunza maneno haya moja moja bila vitenzi vyake utayachanganya tu.

Sasa hivi nikirudi kwa Phaedromus naelewa hadi anapoyagombeza makomeo kwa kulala usingizi, "pessuli pessumi", makomeo mabaya kupita yote, sikiliza hizo sauti zinavyofuatana jamani, Plautus alikuwa fundi. Na yule bibi mlinzi wa mlango anamwagia bawaba maji zisilie, mtumwa anasema pombe anakunywa yeye, maji anaupa mlango. Naipenda sana sehemu hiyo.

Neno lenyewe halijafa, pêne ya Kifaransa, ule ulimi wa kitasa, imetoka humohumo, na wataalamu wa ndege wanaita pessulus kale kajiti kanakokingama pale koo la hewa la ndege linapogawanyika mara mbili.