Maji yalivyonifichia DNA

Dawa ya nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na vimelea wanaoenezwa na mbung'o, naijua tangu utotoni: unga wa manjano unaoyeyushwa kwenye maji safi, kisha ng'ombe anachomwa sindano. Kiini chake, diminazini, hujibanza ndani ya mfereji mwembamba wa DNA, hasa pale adenini na thaimini, mbili kati ya besi (herufi) nne za DNA, zinapofuatana, na DNA ya kinetoplasti, yaani ile iliyo ndani ya mitokondria ya vimelea hao, imejaa sehemu hizo. Nilitamani kulishuhudia jambo hilo mwenyewe kwa mashine ya infraredi, inayoonyesha jinsi vifungo vya molekuli vinavyotikisika.

Wiki tatu za kwanza sikuambulia kitu. DNA ya ndama huja kama nyuzi za pamba. Unailaza kwenye bafa (maji yenye chumvi za kutuliza asidi) ndani ya friji bila kuitikisa kwa nguvu, asubuhi unaikuta inavutika kama mlenda. Nikaweka tone kati ya vioo viwili vya kalsiamu floridi. Spektra, yaani mchoro wa mitikisiko hiyo, ikatoka na mlima mmoja karibu na 1645 kwa sentimita: maji. Kabonili za thaimini (kaboni na oksijeni zilizoungana kwa kifungo maradufu) hutikisika eneo hilohilo, kwa hiyo nilichokitafuta kilikuwa kimefukiwa. Nikajaribu kuondoa spektra ya bafa kwa hesabu, lakini tofauti ndogo tu ya unene wa tone ilizaa vilele vya uongo. Nusura niviandike kuwa matokeo.

Kilichonikwamua ni maji mazito, yenye deuteri badala ya hidrojeni ya kawaida. Mtikisiko wake hushuka hadi karibu 1210, eneo la besi likabaki wazi. Ila hapo huifunika fosfeti ya uti wa DNA, iliyo karibu na 1225, basi fosfeti nikaipima upya kwenye maji ya kawaida, kwa tabaka jembamba mno. Ni kazi mara mbili, na sijaona njia ya kuikwepa.

Unyevu wa Dar es Salaam nao ni mtihani. Maji mazito yakikaa wazi hunyonya mvuke wa hewani, na kilele cha 1450, alama kwamba yamechanganyika na maji ya kawaida, huanza kuota. Kikiota, sampuli namwaga.

Unga wa paketi ya dukani usiutumie: mara nyingi umechanganywa na fenazoni, dawa ya maumivu yenye kabonili yake. Nilitumia chumvi safi ya diminazini, nikaondoa pia spektra ya dawa ikiwa peke yake.

Ndipo, dawa ilipoingia kwenye DNA, kilele cha thaimini karibu na 1695 kikasogea, fosfeti ikabaki karibu palepale: ishara kwamba dawa imeshika besi, si uti. Nikarudia mara tatu, kila mara kwa DNA iliyoyeyushwa upya. Kikasogea vilevile.