Nilivyomkosoa Mwalimu kwenye uhakiki, mzee wa mtaani akaniandikia "labda"

Jamani, nikikumbuka ushauri niliopewa wakati naandika uhakiki wa Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kile kitabu cha Mwalimu Nyerere, nasonya mpaka leo. Mmoja aliniambia we fupisha tu sura moja moja halafu malizia na "kitabu kinawafaa vijana". Mwingine akasema Mwalimu haguswi, marehemu hajibu. Sasa kama haguswi mi naandika uhakiki au naandika risala?

Basi nikaenda upande wa pili, nikawa mkali. Usiku mmoja kurasa sita, Mwalimu king'ang'anizi, Mwalimu hataki kupingwa, najiona jembe kweli kweli. Asubuhi nikampelekea mzee mmoja hapa mtaani ambaye sakata lile la 1993 alilifuatilia siku kwa siku. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani. Aya ya pili tu akaivua. "Mwanangu, kitabu umekisoma?" Nimekisoma mzee. "Haya, ile hoja ya wabunge 55 ya kutaka Serikali ya Tanganyika, serikali mwanzo iliipinga au iliikubali?" Kimya. Yaani na hilo ndo lililomchemsha Mwalimu kuliko yote, serikali kuipinga hoja halafu kugeuka kuikubali!

Ukweli nauungama hapa: nilikuwa na fotokopi, nilitoa kama buku tatu nne hivi, na aliyekuwa na nakala kabla yangu alishapiga mistari kwa kalamu. Mi nikawa nasoma palipopigwa mistari tu. Kumbe nilihakiki kalamu ya mtu mwingine, aibu niliyoipata sitaki hata kuielezea.

Nikarudi nyumbani nikasoma upya, na hapo ndo nikagundua ujanja ambao ningeujua mapema ningelala. Kabla ya kukosoa chochote niliandika ukurasa mzima kama wakili wake. Kwamba 1964 Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, serikali moja ingeonekana Zanzibar imemezwa, tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano) zingekuwa mzigo hasa kwa Tanganyika, ndo zikaja mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. Niliitetea mpaka nikaanza kuamini mwenyewe, ikabidi nikanywe maji kwanza. Faida yake ni kwamba ukishamtetea mtu vizuri unaona wazi pale ambapo hata wewe wakili wake umekwama.

Mi nilikwama hapa. Mwalimu anawabana Malecela, Waziri Mkuu wa wakati ule, na Kolimba, Katibu Mkuu wa CCM, kisawasawa, anataka wawajibike, na kwa hilo nilimpa maksi zote, hata sikuhangaika kulijadili sana. Lakini kiongozi kuyumba ni kesi moja na muundo wa Muungano ni kesi nyingine, ukimshinda Malecela hujalishinda swali. Tume ya Nyalali, ile ya kukusanya maoni kuhusu vyama vingi, ilishapendekeza serikali tatu kabla hata hao 55 hawajasimama, na miaka 20 baadaye rasimu ya katiba mpya ya tume ya Warioba ikaja na zilezile tatu. Kama ulikuwa ni udhaifu wa viongozi wa wakati ule tu, mbona unarudi na watu wengine kabisa? Hiyo aya niliiandika mara nne, nikifuta kila neno la kejeli, maana kejeli moja tu msomaji anaacha hoja anashika kejeli.

Niliweka pia kwamba kitabu cha siasa zetu wenyewe kilichapwa Harare, mhariri akakata, eti nafasi. Sikukubali ila nilinyamaza, alishaahidi kunilipa (alilipa hela ya nauli).

Rasimu ya mwisho nikampelekea tena yule mzee, na safari hii nilikaa mbali kidogo. Alikaa nayo siku mbili. Imerudi pembeni kaandika "hapana" sehemu tatu, na pale kwenye Nyalali na Warioba kaandika "labda", halafu kaikata, halafu kaiandika tena.