Siku moja malishoni na visiki vyangu

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, kiporo cha ugali, panga, mkanda wa kupimia na vitambaa vyekundu nilivyochana kwenye kanga kuukuu. Saa 12 niko kwenye pikipiki, nakula vumbi la Chamwino.

Saa 1 asubuhi tumeshaanza. Watu wakisikia narudisha msitu, swali la kwanza ni kitalu cha miche kiko wapi. Sina. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na mche unaopandwa Januari ikifika Septemba ni kijiti. Ila chini ya malisho haya kuna visiki vya migunga iliyokatwa mkaa, na mizizi iko hai. Kila mwaka vinachipua, kila mwaka mbuzi wanamaliza. Kwa hiyo kwenye kisiki naacha machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine nakata, napogoa matawi ya chini, nafunga kitambaa. Panga lipite kutoka chini kwenda juu, la sivyo gome linachanika. Miiba siizungumzii, mikono yangu inatosha kuwa ushahidi.

Saa 4 mzee mmoja akatokea na mbuzi, moja kwa moja ndani ya eneo tulilofunga.

"Mbukwa, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeuza hewa yetu?"

Nikaweka panga chini. Nikamweleza kwamba mti ukikua unavuta hewa ukaa, na karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Tunapima unene wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, hesabu zinapigwa, na wanaochafua hewa huko mbali ndio wanaolipa. Akauliza analipwa nani. Nikamwambia kuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na mkataba wowote lazima usomwe kwenye mkutano wa kijiji, naye aje akae mbele. Hela si ya mwaka huu wala ujao, mgunga hauna haraka. Muda wote huo mbuzi wake wanaendelea kutafuna kisiki nilichotoka kukifunga kitambaa.

"HADO, ule mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, nao walianza kwa maneno mazuri," akasema. "Mwaka 1979 ng'ombe wa Kondoa wakaambiwa watoke."

Ni kweli, walitolewa. Ndiyo maana huwa sibishani na wazee kama huyu, na ndiyo maana wanaodhani kazi hii ni miti wananichosha. Tukasimama juani tukivutana: upande huu ufungwe mpaka mvua zipite, upande wa pili achunge, njia ya kwenda majini ibaki wazi, majani makavu akate abebe. Akakubali, akakataa, akarudia la njia. Mwisho akapiga mluzi, mbuzi wakatoka.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Mashina tumeyapima, kishikwambi kikapata joto kikazima, tukaandika kwenye daftari. Ofisi ikapiga simu: wageni wanakuja, wanataka picha za watu wakipanda miche. Nikasema nitawaonyesha visiki. Kimya kidogo, halafu, "Miche kumi tu hukosi." Nikala ugali wa uwele na mlenda, umeshapoa, na sikuacha hata tonge.

Nimefika nyumbani gizani, mgongo haukunjiki. Kesho tunaweka alama kwenye njia ya maji. Mzee kasema atakuja mwenyewe kuhakikisha upana wake.